Barabara za Kimya za Milima ya Cévennes

Wasomaji wengi wa gazeti hili waijua baiskeli, nao waijua kwa kazi zake. Yachukua gunia la mahindi mpaka sokoni, yampeleka mgonjwa kwa mganga, yamfikisha mwalimu shuleni kabla ya kengele. Lakini wako watu katika nchi za Ulaya wapandao baiskeli bila mzigo na bila safari ya lazima, nao hutafuta kwa makusudi milima mirefu na njia zisizo na watu. Kati ya mahali wapapendapo ni milima iitwayo Cévennes, iliyo upande wa kusini wa nchi ya Ufaransa. Huko mtu aweza kupanda na kushuka asubuhi nzima juu ya barabara njema ya lami, asikutane ila na magari machache na kundi la kondoo pamoja na mchungaji wake. Asikia maji ya mto chini bondeni, asikia na mnyororo wa baiskeli yake, basi. Mgeni husema, "Nchi hii ina raha na amani." Asema kweli. Lakini wahenga walinena, ukiona vyaelea, vimeundwa. Barabara zile ziliundwa, na kimya kile kiliundwa vile vile, na habari za vyote viwili ndizo nitakazo kuzieleza hapa.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Sehemu kubwa ya milima hiyo imo katika majimbo mawili, Lozère na Gard. Mlima mrefu kuliko yote ni Mont Lozère, wenye kimo cha mita 1,699. Wa pili kwa sifa ni Mont Aigoual, upitao mita 1,560. Katikati yake mna mabonde yenye kina kirefu, yaliyochimbwa na mito ya Tarn na Gardon. Mahali pa kulima ni haba, kwa hiyo watu wa kale walijenga kuta za mawe katika ubavu wa milima, ukuta juu ya ukuta, wakajaza udongo nyuma yake, wakapata matuta ya kupanda mazao. Chakula chao kikubwa kilikuwa njugu za mti uitwao mchesnati. Walizikausha kwa moshi, wakazisaga, wakazila wakati wote wa baridi, hata mti huo wakauita mti wa mkate.

Zamani zile hazikuwako barabara za magurudumu. Zilikuwako njia za nyumbu, na njia za kondoo. Kila mwaka, jua lilipoanza kuunguza nchi za chini karibu na bahari, wachungaji walipandisha makundi yao milimani kutafuta majani mabichi. Na majira ya baridi yalipokaribia waliyashusha tena. Njia zao zilifuata migongo ya milima wala hazikushuka mabondeni, kwa sababu juu mchungaji huona mbali, na kondoo hawaharibu mashamba ya watu. Twafaa kuikumbuka desturi hiyo, kwa maana barabara moja mashuhuri ya leo ilifuata mgongo ule ule.

Sasa twafika kwenye habari za mfalme. Mwaka 1598 mfalme Henri wa Nne alitoa Hati ya Nantes, iliyowapa Waprotestanti wa Ufaransa ruhusa ya kumwabudu Mungu kwa desturi yao, ingawa wengi wa nchi hiyo walikuwa Wakatoliki. Katika Cévennes Waprotestanti walikuwa wengi sana. Lakini mjukuu wa mfalme huyo, Louis wa Kumi na Nne, aliifuta hati hiyo mwezi wa Oktoba mwaka 1685. Makanisa yao yakabomolewa. Wachungaji wao wakapewa siku kumi na tano, waikane imani yao ama watoke katika nchi. Watu wengine walikatazwa hata kutoka. Mwanamume aliyekamatwa akikimbia alipelekwa kupiga makasia katika merikebu za mfalme. Basi watu wa milimani wakaanza kukusanyika kwa siri katika mapango na misitu, mara nyingi usiku, wakasoma Maandiko na kuimba zaburi. Nyakati hizo wakaziita Jangwa, wakiwakumbuka wana wa Israeli.

Mwaka ule ule wa 1685 mfalme alimweka liwali mpya katika nchi ya Languedoc, ambayo Cévennes ilikuwa sehemu yake. Jina lake Nicolas de Lamoignon de Basville, naye alikaa katika kazi hiyo mpaka mwaka 1718. Alikuwa mtu mwenye akili nyingi na moyo mgumu. Aliona kwamba askari hawawezi kuwatawala watu wasioweza kuwafikia. Farasi hujikwaa katika njia ya nyumbu, na mzinga haupiti kabisa. Basi akaamuru barabara zitengenezwe, ziingie kila upande wa milima, zenye upana wa kutosha askari na mizinga kupita. Barabara nyingi za nchi ile zilipata asili yake hapo. Hazikufanywa ili mkulima auze njugu zake, wala ili mgonjwa apate dawa. Zilifanywa ili mkono wa mfalme ufike mlangoni kwa mtu.

Mkono ulifika, na watu wakauma. Katika mji mdogo wa Le Pont-de-Montvert, penye daraja la mawe juu ya mto Tarn, alikaa kasisi aliyeitwa abbé du Chayla, aliyepewa kazi ya kuwarudisha watu katika dini ya mfalme. Ndani ya nyumba yake aliwafunga waliokamatwa wakitoroka. Usiku wa tarehe 24 Julai mwaka 1702 watu hamsini hivi walishuka kutoka milimani wakiimba zaburi, wakaizunguka nyumba, wakawafungua wafungwa, wakaitia moto, na kasisi yule wakamwua. Mmoja wa viongozi wao, Esprit Séguier, alikamatwa, naye alichomwa akiwa hai katika mji ule ule kabla mwezi haujapita. Ndivyo vilivyoanza vita vya Wakamisadi. Yasemekana jina hilo latoka katika neno la shati kwa lugha ya wenyeji, kwa sababu hawakuwa na mavazi ya askari.

Wakamisadi walikuwa watu wa kawaida: wachungaji wa kondoo, wachana sufu, wakulima. Jemadari wao mashuhuri, Jean Cavalier, alikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, aliyejifunza kazi ya kuoka mikate. Walikuwa maelfu machache tu, na jeshi la mfalme lilikuwa kubwa kuliko wao mara nyingi. Lakini barabara mpya ziliwasaidia askari nusu tu. Askari walijua barabara. Wakamisadi walijua njia za mbuzi. Walipiga, kisha wakatoweka msituni. Wala isidhaniwe kwamba damu ilimwagwa na upande mmoja. Wakamisadi nao waliwaua Wakatoliki wasio na silaha, hata wanawake na watoto, kama walivyofanya katika kijiji cha Fraissinet-de-Fourques mwaka 1703. Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi.

Wakuu wa mfalme walipoona kwamba barabara hazitoshi kuwashika watu, waliazimia kuziharibu nyumba zao. Tangu Septemba mpaka Desemba mwaka 1703 askari walipita kijiji kwa kijiji, wakichoma na kubomoa. Hesabu iliyoandikwa ni vijiji na vitongoji 466. Wenyeji waliamriwa kuhamia miji yenye kuta, wakiyaacha mazao na mifugo. Safari hii barabara zilitumika sawasawa na nia ya aliyezitengeneza: askari walipanda nazo, na watu wasio na makao wakashuka nazo. Mwaka uliofuata Cavalier alipatana na jemadari wa mfalme, akatoka katika nchi; alikufa mwaka 1740 akiwa mkuu katika utumishi wa Uingereza. Mwenzake, Pierre Laporte aliyeitwa Rolland, alikataa mapatano, akauawa mwezi wa Agosti mwaka 1704. Vita vikafifia. Lakini Waprotestanti wa Ufaransa walingoja mpaka mwaka 1787 ndipo sheria ilipokubali tena kuandika ndoa zao na watoto wao.

Hapa msomaji aweza kudhani kwamba nchi ilibaki tupu tangu siku zile. La, sivyo. Watu walirudi, wakajenga upya juu ya mawe yale yale yaliyoungua. Mwaka 1709 ilikuja baridi kali iliyoua michesnati mingi, na watu wakapanda miforsadi badala yake, kwa maana majani ya mforsadi ndiyo chakula cha viwavi wa hariri. Kazi hiyo ilistawi hata mti huo ukaitwa mti wa dhahabu. Karibu kila nyumba ilikuwa na chumba cha juu cha kulelea viwavi. Wanawake waliviangalia usiku na mchana, na wasichana walikwenda kuisokota hariri katika viwanda vya mabondeni. Sasa barabara za askari zikawa barabara za hariri. Nyumbu na magari ya farasi yalishuka na mizigo mpaka Alès na Saint-Jean-du-Gard, yakarudi na nafaka na fedha. Mwaka 1851 jimbo la Lozère peke yake lilikuwa na watu zaidi ya 144,000.

Kisha baraka ikageuka. Katika miaka ile ile ya kati ya karne ya 19 viwavi walishikwa na ugonjwa wenye madoa meusi kama punje za pilipili. Familia iliyotazamia fedha ya mwaka mzima iliona viwavi wake wamekufa juu ya majani. Mtaalamu mkuu Louis Pasteur alikuja Alès mwaka 1865, akafanya kazi huko miaka kadhaa, akawaonyesha watu jinsi ya kuchunguza wazazi wa viwavi kwa darubini na kuchagua mayai yasiyo na ugonjwa. Dawa ilipatikana, lakini mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na hariri ya bei nafuu ikaja kwa meli kutoka Asia. Tena michesnati ikaoza mizizi, na mizabibu ya nchi za chini ikaliwa na wadudu. Wakati huo huo machimbo ya makaa ya mawe karibu na Alès yalihitaji mikono ya watu, na miji ilihitaji watumishi na makarani. Vijana wakashuka.

Walishuka kwa nini? Kwa barabara. Serikali ilikuwa imezipanua na kuzitengeneza vizuri, ili nchi ya milimani isibaki nyuma. Mwaka 1909 ilifunguliwa na reli ndogo kutoka Sainte-Cécile-d'Andorge mpaka Florac, na bila shaka wazee walifurahi kuisikia gari moshi ikipiga filimbi bondeni. Ililetwa ili ichukue mali. Ikawachukua na watoto. Miaka mitano baadaye vita kuu vya 1914 vilianza, na katika vijiji vidogo vya milima ile msafiri bado asoma juu ya nguzo za mawe orodha ndefu ya majina ya vijana wasiorudi, nayo yaonekana mirefu kupita kiasi ikilinganishwa na nyumba zilizopo. Gari moshi ile ilikosa abiria, ikakoma mwaka 1968. Kiwanda cha hariri cha Saint-Jean-du-Gard kilifungwa mwaka 1965. Leo jimbo la Lozère lina watu karibu 76,000, ndio wachache kuliko wa jimbo lolote la Ufaransa bara. Maana yake katika kila kilomita moja ya mraba hawazidi watu kumi na watano.

Basi, hicho ndicho kimya cha Cévennes. Ni kimya cha nyumba zilizofungwa na matuta yaliyorudiwa na msitu.

Wageni walianza kukipenda zamani. Mwaka 1878 mwandishi wa Scotland, Robert Louis Stevenson, alipita milima hiyo kwa miguu kwa muda wa siku kumi na mbili, akisukuma mbele yake punda mmoja aliyembebea mizigo, akamalizia safari Saint-Jean-du-Gard. Alipenda hasa kuziona nchi za Wakamisadi, naye aliandika kitabu kilichochapwa mwaka 1879. Hata leo wako watu waifuatao njia yake.

Baada ya punda ikaja baiskeli. Katika mji wa Saint-Étienne, kaskazini ya milima hiyo, alikuwako mtu jina lake Paul de Vivie, aliyezaliwa mwaka 1853. Kazi yake ya kwanza ilikuwa biashara ya hariri! Mwaka 1887 aliiacha, akafungua duka la baiskeli, akaanzisha gazeti la wapanda baiskeli, akajulikana kwa jina la Vélocio. Baiskeli za siku zile zilikuwa na gia moja tu, nayo kwenye mlima mtu alishuka akasukuma. Vélocio alijaribu njia nyingi za kuifanya baiskeli moja iwe na gia kadhaa. Jambo lenyewe si gumu kulifahamu. Mnyororo ukivutwa na gurudumu dogo la meno mbele na kubwa nyuma, miguu huzunguka mara nyingi na baiskeli huenda pole, lakini nguvu kidogo hutosha kupanda. Mashujaa wa mashindano walimcheka, wakasema gia ni za wazee na wagonjwa. Katika mashindano makubwa ya kuizunguka Ufaransa hazikuruhusiwa mpaka mwaka 1937. Vélocio alikuwa amekufa mwaka 1930. Lakini leo hakuna apandaye milima ile bila chombo alichokipigania.

Tumfuate mpanda baiskeli wa siku hizi katika njia mbili. Ya kwanza yaanza Florac, kwenye kimo cha mita 550 hivi, yafuata mto Tarn kuelekea mashariki, kilomita ishirini na kidogo, mpaka Le Pont-de-Montvert. Daraja lingaliko, na mto wapiga kelele chini yake kama usiku ule wa 1702. Toka hapo barabara yapanda Mont Lozère, inapita vitongoji vya nyumba za mawe, kisha miti yaisha, yabaki majani na majabali na upepo, mpaka mahali paitwapo col de Finiels, juu ya mita 1,500. Mwenda pole hajikwai. Tena katika mlima ule mwenda pole peke yake ndiye afikaye.

Njia ya pili yatoka Florac kwenda Saint-Jean-du-Gard, kilomita hamsini na zaidi. Yaitwa Corniche des Cévennes. Hii ndiyo ile niliyotaja mwanzoni: yafuata mgongo wa mlima, mahali pa njia ya kondoo, na majeshi ya Louis wa Kumi na Nne ndiyo yaliyoifanya barabara ya kupitia wakati wa vita na Wakamisadi. Kwa nini askari walipenda mgongo? Kwa sababu ile ile ya mchungaji: juu huonekana mbali, tena hakuna adui wa kukurushia mawe kutoka juu yako. Na kwa sababu hiyo hiyo mpanda baiskeli wa leo aipenda. Aona mabonde kulia na kushoto, safu nyuma ya safu, yakififia rangi ya buluu. Jicho la askari lilitafuta moshi wa kuwafichua watu. Jicho la mgeni latafuta uzuri. Mahali pa kusimama ni pale pale.

Sipendi kumaliza kwa huzuni, kwa kuwa habari za watu wale hazikuisha kwa huzuni. Wakati wa vita vya 1939 mpaka 1945 Wayahudi waliokimbia mauti walifichwa katika nyumba za mabonde yale, na waliowaficha walikuwa wengi wao wajukuu wa watu wa Jangwa. Hawakusahau jinsi mlango unavyogongwa usiku. Mwaka 1970 serikali iliifanya nchi ile kuwa hifadhi ya taifa, ambayo ndani yake watu wakaa na kufuga. Na mwaka 2011 UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia kwa ajili ya kazi ya wachungaji, iliyoitengeneza sura ya nchi kwa karne nyingi. Wageni wengine wamehamia, wakafungua nyumba zilizofungwa. Kupungua kwa watu kumekoma. Sehemu za reli ya zamani zimekuwa njia ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Mpanda baiskeli hununua mkate, hulala usiku mmoja, hulipa, huenda zake. Ni faida ndogo, lakini duka la kijiji laweza kuishi kwa faida ndogo.

Ndugu msomaji, barabara haina dini wala ukoo, wala haijui imtumikie nani. Yule aliyezichora barabara za Cévennes alitaka ziwashike watu. Zikabeba hariri, zikabeba vijana wasiorudi, zikawaleta wakimbizi, na sasa zawabeba watu wapitao kwa furaha tu. Nasi pia twaomba barabara zifike vijijini kwetu, na twafanya vema kuziomba, kwa sababu pasipo barabara mgonjwa hufa njiani na mazao huoza. Lakini siku itakapofika tusitazame upande mmoja. Barabara ina ncha mbili. Kijiji kisicho na kazi ya kuwapa vijana wake, kisicho na shule wala shamba lenye kuwashibisha, kitaona barabara mpya ikiwapeleka mjini mmoja mmoja, mpaka wabaki wazee wawili mlangoni, na mgeni apite juu ya baiskeli akisema, "Hapa pana raha, pana kimya."